Eksirei, chumvi ya Uvinza au kopo na beseni: uchague njia ipi kuona maji yanavyopita ndani ya mnara uliojazwa

Ukijaza bomba pana, yaani mnara, kwa mkaa wa maganda ya mise (kokwa za michikichi) ukamwaga maji juu, yatatoka chini. Hilo halina ubishi. Ubishi uko katikati: yanapita wapi? Hapa Kigoma swali hili nalisikia kwa watengenezaji wa vichujio vya maji, na kwa wakamuaji wa mawese na mise wanaopitisha mafuta kwenye mkaa au udongo ili yang'ae. Malalamiko yao yanafanana. Kichujio kinachoka kabla ya wakati wake, na kikifunguliwa, mkaa wa katikati unakutwa mzima kabisa huku ule wa kandokando umechakaa.

Siku hizi swali limeongezewa mkia. Kijana mmoja wa chuo aliliweka hivi: "Kaka, kwani hospitali ya Maweni hawawezi kutupigia hili bomba eksirei tukaona?" Alikuwa amesoma kwamba huko Ulaya minara ya viwandani hupigwa picha maji yakiwa yanatiririka ndani. Ni kweli inafanyika, tena kwa ustadi mkubwa. Ila kabla hujaanza kuandika barua ya maombi, pima kwanza swali lako. Maswali yenyewe ni matatu, na watu huyachanganya: kimiminika kimekaa wapi, kimekaa kwa muda gani, na kimeenea sawasawa au la. Eksirei ni bingwa wa lile la kwanza. La pili ni la chumvi. La tatu, ambalo kwa kweli ndilo wengi wanalo, linajibiwa na kopo na beseni.

Unaotiririka na uliojaa

Jambo la kuamua mapema kuliko yote ni hali ya mnara wako. Kuna mnara unaotiririka: kimiminika kinashuka kama utando mwembamba juu ya vijazio (mkaa, kokoto, pete za kauri), na nafasi inayobaki ni hewa au mvuke. Minara ya kunereka na ya kuondoa harufu kwenye mafuta ya kula iko hivyo. Na kuna mnara uliojaa, ambao kila mwanya una maji, kama vichujio vingi vya mchanga. Henry Darcy alipopima maji yanavyopita kwenye mchanga kule Dijon, Ufaransa, na kuchapisha kanuni yake mwaka 1856, alitumia mnara wa aina hii ya pili.

Kwa nini maji hukimbilia pembeni? Punje haziwezi kupandana vizuri dhidi ya ukuta ulionyooka, kwa hiyo mianya ya karibu na ukuta ni mikubwa kuliko ya ndani. Kwenye mnara unaotiririka kuna ubaya mwingine: tone likishafika ukutani hushuka nao na ni nadra lirudi ndani. Ndiyo maana wahandisi hutaka kipenyo cha mnara kiwe angalau mara nane hadi kumi ya ukubwa wa kijazio kimoja, na kwenye minara mirefu huweka sinia katikati ya safari ili kukusanya kimiminika na kukigawa upya. Kama bomba lako lina sentimita 10 na umelijaza vipande vya mkaa vya sentimita 2, huhitaji picha ya mtu yeyote. Twanga mkaa.

Eksirei inaona nini hasa

Mwali wa eksirei unapopita kwenye kitu hupungua kadiri kitu kilivyo kizito na kinene. Kwa mwali wa keV 60 (keV ni kipimo cha nguvu ya mwali), ambao ni karibu na wastani wa mashine ya hospitali, maji ya unene wa sentimita 3.4 huupunguza kwa nusu. Chuma hufanya kazi hiyohiyo kwa unene wa milimita 0.7 tu. Tarakimu hizi mbili zinaamua mengi kuliko maelezo yoyote ya muuza mashine.

Chukua mnara wa plastiki wenye kipenyo cha sentimita 20, umejaa mkaa, maji yanatiririka. Mkaa ni kaboni, mwepesi, tena umejaa vitundu. Eksirei huupita bila taabu. Maji yakiwa moja ya kumi ya nafasi yote, mwali unaopita katikati unakutana na kama sentimita 2 za maji na kupungua kwa takriban theluthi moja. Tofauti hiyo ni kubwa, haihitaji jicho la mtaalamu. Hata badiliko la milimita 2 za maji linapunguza mwali kwa kama asilimia 4, na kipokezi kizuri kinalisoma. Kwa hiyo mkaa wa mise ndani ya bomba la plastiki ni mgonjwa anayependwa na mashine hii.

Sasa badilisha bomba liwe la chuma lenye ukuta wa milimita 3. Mwali unavuka kuta mbili, milimita 6 kwa jumla, na kinachofika upande wa pili ni kama asilimia 0.3 ya ulichotuma, kabla hata hujahesabu vijazio na maji. Pete za chuma zikiwa ndani, mambo yanazidi kuharibika: miali dhaifu humezwa, iliyobaki ni ile yenye nguvu, na kompyuta inayochora picha inadanganyika ikaweka mistari na vivuli visivyokuwepo.

Namna ya kufanya ni kupiga picha mbili, moja mnara ukiwa mkavu na nyingine ukiwa unafanya kazi, kisha kutoa moja kwenye nyingine. Mkaa unajifuta, yanabaki maji. Kwenye picha ya kawaida ya bapa utapata jumla ya maji yote yaliyo kwenye njia ya mwali, ya mbele na ya nyuma yakiwa yamelaliana. Utajua upande wa kushoto umelowa kuliko wa kulia, ila maji ya katikati na ya ukuta wa mbele hutayatenganisha. Hapo ndipo CT inapokuja, ile inayozunguka na kukata kitu vipande vipande kwa picha.

CT ina jambo moja zuri ajabu kwa kazi hii. Kipimo chake, kilichopewa jina la Godfrey Hounsfield aliyegawana Nobeli ya tiba ya mwaka 1979 na Allan Cormack, kimewekwa hivi: hewa ni -1000, maji ni 0. Kwa hiyo kila asilimia moja ya hewa iliyoondolewa na kujazwa maji inapandisha kipimo kwa 10. Nukta fulani ndani ya mnara ikisoma -600 ikiwa kavu na -480 ikiwa imelowa, tofauti ni 120, yaani maji yamechukua asilimia 12 ya nukta ile. Hesabu ya darasa la saba, na umeshapata ramani ya maji ya mnara mzima. Sijui njia nyingine inayotoa jibu safi namna hii.

Lakini ramani hiyo inakuonyesha maji yaliyopo. Haikwambii yapi yanatembea. Mwanya uliojaa maji yaliyotuama tangu asubuhi na mwanya unaopitisha maji kwa kasi vinaonekana sawa kabisa, vyote vimelowa. Nimeona watu wakiitazama picha ya namna hii na kusema "hapa ndipo maji yanapopita", na pengine palikuwa ndipo yanapokwama. Jambo hili peke yake lingetosha kumfanya mtu asianze na eksirei.

Mnara uliojaa nao una shida yake. Ndani hakuna hewa ya kutofautisha. Picha ya kabla na ya baada ni maji matupu. Itakubidi uongeze kitu kinachozuia miali, kwa kawaida chumvi ya iodini kama iodidi ya potasiamu, kisha utazame wingu lake likishuka. Hapo eksirei inageuka kuwa mfuatiliaji wa mwendo, na ni nzuri kwelikweli, mradi picha zije haraka kuliko wingu.

Kitanda cha hospitali

Nirudi kwa kijana na Maweni. Mashine ya CT ya hospitali imetengenezwa kwa mtu aliyelala. Mnara unaotiririka hufanya kazi ukiwa umesimama. Ukiulaza kitandani maji yanashukia ubavuni, na utakachopiga picha ni mnara ambao haupo popote duniani. Wataalamu wa mafuta ya petroli na wa miamba hutumia CT za hospitali bila shida kwa sababu vipande vyao vya mwamba vimejaa na vinasukumwa kwa pampu, kulala hakuvidhuru.

Ndiyo maana wanaofanya utafiti huu kwa dhati walijijengea mashine zao. Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, kina mashine ya hadi kilovolti 420 iliyojengwa kwa ajili ya minara iliyosimama. Kituo cha Helmholtz cha Dresden-Rossendorf, Ujerumani, walikwenda mbali zaidi. Badala ya kuzungusha bomba zima la eksirei, wanauzungusha mwali wa elektroni kwa sumaku, na wanapata hadi picha 8,000 kwa sekunde. CT ya hospitali inahitaji kama theluthi ya sekunde hadi sekunde nzima kwa mzunguko mmoja. Tone limeshateleza, picha inatoka na ukungu.

Kitu kimoja CT ya hospitali inakifanya vizuri bila lawama: kupiga mnara mkavu. Ukitaka kujua mkaa wako umekaaje, kuna pango wapi, punje ndogo zimejikusanya upande gani baada ya kusafirishwa kwenye gari kutoka Kasulu, ulaze tu. Mashine ina uwezo wa kuona kitu cha kama nusu milimita. Na kwa vichujio vidogo, mara nyingi kosa liko kwenye upakiaji, kimiminika kinafuata tu njia kilichoachiwa.

Chumvi na kimita cha mfukoni

Sasa njia ninayoipendekeza kwanza kwa karibu kila anayeniuliza. Unahitaji chumvi, saa, na kile kimita cha mfukoni cha kupima madini yaliyoyeyuka majini, kinachouzwa kwa jina la TDS, au bora zaidi mita inayosoma upitishaji umeme moja kwa moja. Unamwaga maji ya chumvi juu kwa mkupuo mmoja, unapima maji yanayotoka chini kila baada ya nusu dakika, unachora mchoro.

Tuseme mnara ni uleule wa sentimita 20, kimo mita 1, umejaa maji. Ujazo wake ni lita 31 na ushei. Mianya kati ya punje ikiwa asilimia 40, ndani mna lita 12.5 hivi za maji. Ukipitisha nusu lita kwa dakika, chumvi inapaswa kutoka kwa wastani kwenye dakika ya 25. Kilele kikitokea dakika ya 24 au 26, mnara uko sawa. Kikitokea dakika ya 7, maji yamepata njia ya mkato, na sehemu kubwa ya mkaa wako ni pambo. P. V. Danckwerts ndiye aliyeipa njia hii msingi wake wa kihesabu mwaka 1953, na hadi leo wahandisi wanaitumia kabla ya kugusa mashine ghali.

Mambo machache ya huku kwetu. Maji ya Ziwa Tanganyika tayari yana madini. Upitishaji wake uko kati ya mikrosimensi 600 na 700 kwa sentimita. Kwa hiyo pima kwanza maji matupu, uandike, halafu utoe kiasi hicho kwenye kila usomaji. Usitie chumvi nyingi kwa kudhani utaona vizuri: maji ya chumvi kali ni mazito, yanazama kama vidole katikati ya maji mepesi na kukuletea mwendo ambao mnara hauna. Gramu 5 kwa lita zinatosha, na nusu lita ya mchanganyiko huo ni mkupuo wa kutosha kwa mnara huu. Chumvi ya Uvinza inafaa sana. Ikiwa ya mawe, isage na uchuje uchafu. Mwisho, punje ya mkaa ina vitundu ndani yake, chumvi huingia humo na kutoka polepole, hivyo mkia mrefu kiasi upande wa kulia wa mchoro usikutie hofu. Mkia unaoendelea mara tatu au nne ya muda wa wastani ndio wa kuuliza.

Chumvi haikuonyeshi mahali, huo ndio upungufu wake. Inakwambia nyumba ina mwizi, haikwambii amejificha chumba gani.

Kopo na beseni

Mahali panaanza kuonekana ukiwa na kopo la kipenyo cha sentimita 16. Liweke katikati kabisa chini ya wavu unaobeba mkaa, lote likiwa ndani ya beseni. Maji ya katikati yanaingia koponi, ya pembeni yanaanguka kwenye beseni. Kwenye mnara wa sentimita 20, duara la sentimita 16 ni asilimia 64 ya eneo. Ukingo uliobaki ni 36. Acha maji yatiririke mpaka mwendo utulie, kisha pima vyote viwili kwa dakika kumi. Beseni likipata asilimia 60 badala ya 36, jibu umelipata, na gharama yake ni kopo. Ukitaka undani zaidi, gawa sehemu ya chini kwa vikombe vingi vidogo na upime kila kimoja. Viwandani walifanya hivyo muda mrefu kabla ya CT kuwepo.

Kasoro: unaona sakafu tu. Maji yaliyokimbilia ukutani kwenye sentimita 20 za kwanza na yaliyokimbilia kwenye sentimita ya 80 yanafika chini sawasawa. Unaweza kupunguza kimo cha mkaa hatua kwa hatua na kurudia kipimo. Ni kazi ya kuchosha lakini inafanya kazi. Tena njia hii ni ya mnara unaotiririka. Maji ya mnara uliojaa hayagawanyiki hivyo kirahisi.

Rangi naisema kwa ufupi kwa sababu watu huikimbilia. Kwenye mchanga na kokoto ndani ya bomba la kioo au plastiki angavu ni nzuri, unaona kwa macho mwendo wa karibu na ukuta. Kwenye mkaa usiitumie. Mkaa mzuri unaila rangi. Maabara hupima nguvu ya mkaa kwa kuangalia unameza kiasi gani cha methilini buluu. Utasubiri rangi itoke chini mpaka jioni.

Gama, umeme na MRI

Miali ya gama ya Cesium-137, madini yanayotoa mionzi yenyewe, ina nguvu mara kumi na moja ya keV 60 niliyoitumia hapo juu. Kuta zile za chuma za milimita 6 zinaipitisha kwa asilimia 70. Ndiyo maana viwanda vya kusafisha mafuta ya petroli duniani hutumia gama kukagua minara bila kuizima: chanzo upande mmoja, kipokezi upande wa pili, vyote vinashushwa pamoja kutoka juu hadi chini, na pale kimiminika kilipojaa kupita kiasi au sinia lilipoanguka panaonekana kwenye mchoro. Bei yake ni ukali wa picha. Zile milimita 2 za maji zinaipunguza gama kwa chini ya asilimia 2, hivyo utando mwembamba hauuoni. Na tofauti kubwa ya kiusalama: eksirei ukizima swichi imekwisha, Cesium haina swichi, na inahitaji miaka 30 kupungua nusu.

Tomografia ya umeme, yaani kuchora picha ya ndani kwa kupima umeme, yenye mkanda wa elektrodi kuzunguka bomba, ni ya haraka na haina mionzi. Picha yake ni ya ukungu; kitu kilicho kidogo kuliko moja ya kumi hadi moja ya ishirini ya kipenyo hakionekani vizuri. Mkaa uliochomwa kwa joto kali wenyewe unapitisha umeme na kuvuruga hesabu. Mafuta ya mise hayapitishi, kwa hiyo kwa mafuta utahitaji ile aina nyingine inayosoma kapasitansi, yaani uwezo wa kitu kuhifadhi chaji ya umeme.

MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ndiyo pekee hapa inayosoma kasi ya kimiminika ndani ya mianya yenyewe, na kikundi cha Lynn Gladden pale Cambridge kimefanya kazi nyingi juu ya hilo. Chuma hakiruhusiwi kukaribia. Kwa mtu wa Kigoma mwenye kichujio, niipite.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Mwenye kichujio cha maji cha mkaa au mchanga: chumvi kwanza, halafu kopo kama mnara unatiririka. Vikisema kuna tatizo, fungua, pakia upya kwa tabaka huku ukigongagonga bomba, pima tena. Wengi wataishia hapo.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu na anahitaji kuonyesha maji yako wapi ndani: eksirei, tena CT, na panga mapema. Tengeneza mnara wa plastiki, usitie pete wala wavu wa chuma, kipenyo kisizidi sentimita 15 hadi 20. Sentimita 20 za maji matupu zinapitisha kama asilimia 1.6 tu ya mwali, kwa hiyo mnara uliojaa uwe mwembamba zaidi ya unaotiririka. Fanya kipimo cha chumvi kwenye mnara huohuo siku hiyohiyo. Picha na mchoro wa chumvi vikiwekwa bega kwa bega, maji yaliyolala na yanayotembea yanatengana. Mtafute mshirika mwenye mashine ya kusimama. CT ya hospitali iombe kwa ajili ya mnara mkavu tu, kwa muda ambao hakuna mgonjwa anayesubiri, na bomba liwe limezibwa pande zote, kwa sababu hakuna mtaalamu wa mionzi atakayefurahia vumbi la mkaa ndani ya mashine yake.

Anayefikiria kununua mashine ndogo ya eksirei iliyotumika na kuifunga karakana kwake Gungu asithubutu kabla ya kuonana na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 huwezi kumiliki wala kuendesha chanzo cha mionzi bila kibali, na hilo linahusu eksirei kama linavyohusu Cesium. Ukomo wa kimataifa kwa mtu wa kawaida ni milisiveti 1 kwa mwaka, kwa mfanyakazi wa mionzi wastani wa 20. Jirani aliye nyuma ya ukuta wako wa tofali ni mtu wa kawaida.

Na mwenye mnara wa chuma wa kuondoa harufu kwenye mafuta, anayeona bidhaa imeanza kutoka na harufu: usiulizie eksirei kabisa, haitavuka. Angalia kwanza sinia la kugawa mafuta juu kama liko usawa kwa pima maji, na kama vitundu vyake havijaziba. Pakiwa sawa na harufu ingalipo, tafuta kampuni yenye kibali cha gama, na uwaombe wapime wakati mnara unafanya kazi na tena ukiwa mtupu, maana bila kipimo cha mnara mtupu mchoro wao hautakuwa na cha kulinganishwa nacho.